Adui wa Bei Nafuu: Hesabu ya Filamu za Kutisha na Wagonjwa wa Akili

Mwaka 1978 muongozaji John Carpenter alitengeneza filamu ya Halloween kwa takriban dola 325,000 za Marekani. Iliingiza takriban dola milioni 70. Kwa kila dola iliyotumika kuitengeneza, watazamaji walilipa dola 215 mlangoni. Adui wa filamu hiyo hana pembe, haruki angani, wala hakuhitaji mafundi wa kumuunda. Ni mwanamume aliyevaa kinyago na ovaroli, na jambo la msingi tunaloambiwa kumhusu ni kwamba ametoroka hospitali ya wagonjwa wa akili.

Hesabu hiyo imerudiwa miaka nenda miaka rudi. Katika filamu za kutisha, mgonjwa wa akili ndiye adui wa bei nafuu kuliko wote. Ninachotaka kuonyesha hapa, kwa tarakimu, ni kwamba unafuu huo una mlipaji. Gharama ambayo mtayarishaji ameikwepa inaangukia mabegani mwa wagonjwa, familia zao na wauguzi wao. Tena ndani ya miaka michache tasnia hii hii imethibitisha kwamba inaweza kubadili namna inavyowaonyesha watu weusi na ikazidi kutajirika. Kwa hiyo kisingizio cha pesa hakipo tena.

Unafuu unatoka wapi

Filamu ya kutisha ya kisaikolojia hutafuta hofu ndani ya kichwa cha mtu. Haihitaji jini la kompyuta, majumba yanayobomoka wala maelfu ya waigizaji wa ziada. Nyumba moja, waigizaji wachache, taa hafifu na sauti iliyopangwa vizuri vinatosha. Ndiyo maana imekuwa kimbilio la watayarishaji wenye mifuko myepesi.

Alfred Hitchcock aliijua siri hii mapema. Studio ya Paramount ilipokataa kuigharimia Psycho, aliitengeneza mwenyewe kwa takriban dola 807,000, akitumia kikosi cha mafundi wa kipindi chake cha televisheni na filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Aliacha ujira wake wa kuongoza, dola 250,000, ili amiliki asilimia 60 ya filamu. Ilipotoka mwaka 1960 iliingiza takriban dola milioni 32. Muuaji, Norman Bates, ni kijana mpole anayebeba kichwani nafsi ya mama yake aliyekufa, na kabla pazia halijashuka daktari wa magonjwa ya akili anasimama mbele yetu kutufafanulia ugonjwa huo.

Kampuni ya Blumhouse ya Jason Blum imeufanya mpango huo kuwa biashara ya kudumu. Bajeti hubanwa, mara nyingi zikikaa karibu na dola milioni 5. Waigizaji hupokea ujira wa chini wa chama chao, kisha hugawana faida ikipatikana. Muongozaji hupewa uhuru mkubwa kwa sababu hasara yake haitaiangusha kampuni. Tazama filamu tano ambazo hofu yake inatokana na ugonjwa wa akili, na pengo kati ya kilichotumika na mauzo ya tiketi:

- Psycho (1960): dola milioni 0.8 zikaleta milioni 32, mara 40.
- Halloween (1978): dola milioni 0.325 zikaleta milioni 70, mara 215.
- The Visit (2015): dola milioni 5 zikaleta milioni 98, karibu mara 20.
- Split (2016, ikaingia kumbini 2017): dola milioni 9 zikaleta milioni 278, karibu mara 31.
- Smile (2022): dola milioni 17 zikaleta milioni 217, karibu mara 13.

Tarakimu hizi zina tahadhari yake. Mauzo ya tiketi si faida. Wenye kumbi hubaki na takriban nusu, na matangazo ya filamu inayotolewa duniani kote yanaweza kuzidi bajeti ya kuitengeneza. Hata hivyo, ukikata nusu ya mauzo ya Split unabaki na dola milioni 139 kwa kazi iliyogharimu 9. Hakuna mtayarishaji atakayeziona takwimu hizo akasema mtindo huu ubadilishwe.

Split inaonyesha vizuri jinsi fedha inavyookolewa. James McAvoy anamwigiza Kevin, mtu mwenye nafsi 23, na ya 24, inayoitwa Mnyama, iko njiani. Anafunga kifungo cha shati hadi kooni na kuvaa miwani, anakuwa Dennis. Anavaa sketi na kulegeza viganja, anakuwa Patricia. Anaongea kwa kitembe, anakuwa Hedwig, mtoto wa miaka tisa. Hakuna barakoa wala saa za kubandika ngozi ya bandia. Ni mwigizaji mmoja hodari, chumba kisicho na dirisha, na wasichana watatu waliotekwa. Kipaji cha McAvoy hakina ubishi. Lakini kinachomfanya Kevin atishe ni ugonjwa halisi ambao watu halisi wanaishi nao, na filamu inautaja kwa jina lake la hospitali.

Kisingizio cha ngozi kilivyoanguka

Kabla ya kuuliza kama hali hii inaweza kubadilika, tuangalie jambo jingine lililodaiwa kuwa haliwezekani. Kwa miongo mingi Hollywood iliamini kwamba filamu yenye steringi mweusi haiuziki nje ya Marekani. Katika sinema ya kutisha mhusika mweusi alikuwa akifa mapema, mara nyingi kabla hadithi haijachanganya.

Dalili za kinyume zilikuwepo zamani. Mwaka 1968 George Romero alimpa Duane Jones, mwigizaji mweusi, nafasi ya kwanza katika Night of the Living Dead. Iligharimu takriban dola 114,000 na kuingiza takriban milioni 30. Mwaka 2003 Halle Berry, aliyekuwa ametoka kushinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike, aliongoza Gothika, ambamo daktari wa magonjwa ya akili anaamka akiwa amelazwa katika wodi aliyokuwa akifanya kazi. Bajeti ilikuwa dola milioni 40 na mauzo yakapita milioni 140. Hata hivyo milango haikufunguka.

Kilichoivunja imani hiyo ni Get Out ya Jordan Peele, mwaka 2017. Ilitengenezwa kwa dola milioni 4.5, ikapigwa kwa siku 23 katika jimbo la Alabama, na ikauza tiketi za takriban dola milioni 255. Ukichukua dola moja kuwa shilingi 2,500 za Tanzania, ni shilingi bilioni 11 na robo zilizogeuka kuwa bilioni 637. Kati ya mauzo hayo, dola milioni 176 zilitoka Marekani na Kanada, na takriban milioni 79 zilitoka kwingineko. Yaani mauzo ya nje peke yake, yale yaliyosemekana hayapo, yalikuwa zaidi ya mara 17 ya bajeti. Peele akawa mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mswada asilia.

Filamu hiyo ina mizizi inayotugusa. Steringi wake, Daniel Kaluuya, alizaliwa London kwa wazazi wa Uganda. Na muziki unaoifungua, wimbo Sikiliza Kwa Wahenga uliotungwa na Michael Abels, unaimbwa kwa Kiswahili. Wahenga wanamwonya kijana akimbie. Watazamaji wengi wa Marekani waliusikia kama mnong'ono wa ajabu tu, ila sisi tulielewa tangu dakika za mwanzo kwamba Chris, mhusika wa Kaluuya, yuko hatarini.

Miaka miwili baadaye Peele alirudi na Us. Safari hii alipewa dola milioni 20, na akamkabidhi filamu nzima Lupita Nyong'o, binti wa Kenya aliyezaliwa Mexico na kulelewa Nairobi. Siku tatu za kwanza ziliingiza dola milioni 71 Marekani, rekodi kwa filamu ya kutisha yenye hadithi asilia. Jumla ilifika takriban milioni 256. Familia ya watu weusi yenye nyumba ya mapumziko na boti ilikaa katikati ya hadithi bila mtu kulazimika kueleza kwa nini.

Funzo la fedha hapa ni wazi. Lile lililoitwa sheria ya soko lilikuwa mazoea. Lilivunjwa na dola milioni 4.5, kiasi ambacho studio kubwa hutumia kwa matangazo bila kufikiri mara mbili.

Sauti ya Red

Lakini Us ilionyesha pia kwamba ushindi upande mmoja hauleti ushindi kila upande. Nyong'o anaigiza watu wawili. Adelaide ni mama wa familia, na Red ni mfano wake aliyekulia chini ya ardhi. Red anaongea kwa sauti inayokwaruza, inayokatika katikati ya neno na kuvutwa ndani kama anayekosa pumzi. Ukimsikia mara ya kwanza, sebuleni kando ya moto, mwili unasisimka.

Nyong'o alipoeleza kwamba miongoni mwa vyanzo vyake ulikuwa ugonjwa unaoitwa spasmodiki disfonia, chama cha Marekani cha watu wenye ugonjwa huo kililalamika. Ni tatizo la mishipa ya fahamu linalofanya misuli ya koo ikaze bila hiari, na linakadiriwa kuwapata watu wapatao 50,000 Amerika Kaskazini. Kwa muda mrefu madaktari walidhani ni tatizo la kisaikolojia, na wagonjwa waliambiwa shida iko kichwani mwao. Sasa sauti yao ilikuwa inatumika kuwatisha mamilioni.

Nyong'o aliomba radhi hadharani kwenye televisheni Machi 2019, akieleza kwamba alijifunza kutoka vyanzo mbalimbali na hakukusudia kumdhalilisha mtu. Alifanya vyema. Ni haki pia kusema kwamba ndani ya hadithi sauti ile ina sababu: Red alikabwa koo akiwa mtoto. Uovu haukumfanya aongee vile, aliumizwa. Lakini mtazamaji anaipata sababu hiyo mwishoni, baada ya saa moja na nusu ya kuogopa koo lake.

Weka hesabu juu ya meza. Marekani na Kanada pekee Us iliuza tiketi za takriban dola milioni 175. Kwa bei ya wastani ya mwaka 2019, dola 9.16, ni tiketi zipatazo milioni 19. Kwa kila mtu mmoja mwenye ugonjwa ule, tiketi 380 zilikatwa kuisikiliza sauti inayofanana na yake ikitoka kinywani mwa muuaji. Hakuna kampeni ya elimu ya afya inayoweza kushindana na uwiano huo.

Daktari anapokuwa adui

Get Out nayo ina la kusema kuhusu akili, na inalisema kwa busara zaidi. Missy, mama wa mchumba wa Chris, ni daktari wa magonjwa ya akili. Usiku anamkalisha Chris kitini kwa kisingizio cha kumsaidia kuacha sigara. Anakoroga chai, kijiko kikigusa ukingo wa kikombe polepole, huku akimuuliza kuhusu usiku ambao mama yake aligongwa na gari, naye Chris, akiwa mtoto, hakumpigia mtu yeyote simu. Machozi yanamtoka, mwili unaganda, kisha anazama gizani. Jeraha lake ndilo linalotumika kama mlango wa kumteka.

Mtazamaji mweusi wa Marekani ana sababu za kihistoria za kuiamini hofu hiyo. Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright wa Louisiana alidai amegundua ugonjwa wa akili unaowafanya watumwa watoroke. Kutaka uhuru kukawa dalili. Karne moja na zaidi baadaye pengo halijazibika: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Wamarekani weusi huambiwa wana skizofrenia takriban mara 2.4 zaidi ya weupe. Mwaka 2015 weusi walikuwa takriban asilimia 4 tu ya wanasaikolojia wa nchi hiyo. Na Januari 2021 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliomba radhi rasmi kwa mchango wake katika ubaguzi wa rangi.

Kwa hiyo suala la ngozi na suala la akili hayaachani. Mtu mweusi mwenye sonona au mawazo yaliyovurugika anabeba unyanyapaa mara mbili, na filamu inayomsahihisha upande mmoja huku ikimchafua upande wa pili imefanya nusu ya kazi.

Tarakimu za skrini na za mtaani

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California wamewahesabu wahusika wenye matatizo ya afya ya akili katika filamu 100 zilizoongoza kwa mapato Marekani. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 1.7 ya wahusika wote wenye maneno ya kusema. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 1.5. Katika maisha halisi, takriban mtu mzima 1 kati ya 5 nchini humo anakuwa na tatizo la afya ya akili kwa mwaka. Yaani kati ya kila wagonjwa 13, skrini inamwonyesha mmoja.

Na huyo mmoja anaonyeshwaje? Mwaka 2016 asilimia 46 ya wahusika hao walifanya ukatili. Mwaka 2019 ilipanda hadi asilimia 63. Miaka ile ile ambayo Hollywood ilikuwa ikijipongeza kwa kuwafungulia milango watu weusi, mgonjwa wa akili aligeuzwa kuwa hatari zaidi kuliko alivyokuwa.

Mtaani hali ni kinyume. Watafiti wa Marekani wanakadiria kwamba hata kama magonjwa makubwa ya akili yangeponywa yote leo, ukatili nchini humo ungepungua kwa takriban asilimia 4 tu. Utafiti uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2005 uligundua kwamba zaidi ya robo ya wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wametendewa ukatili wa jinai ndani ya mwaka mmoja, kiwango kinachozidi mara 11 ya kile cha watu wengine. Mgonjwa wa akili ndiye anayepigwa, ndiye anayeibiwa, ndiye anayebakwa. Filamu inampokonya nafasi ya mhanga na kumkabidhi kisu.

Kuhusu ugonjwa wa Kevin wa Split, utafiti uliotolewa mwaka 2017, mwaka filamu hiyo ilipoingia kumbini, uliwaangalia wagonjwa 173 waliokuwa wakitibiwa ugonjwa huo na mengine ya kundi lake. Katika miezi sita iliyotangulia takriban asilimia 3 walikuwa wamefunguliwa mashtaka, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Wengi wanaougua waliumizwa sana utotoni, na mwenye hatari kubwa ya kuumizwa na mgonjwa huyo ni mgonjwa mwenyewe.

Split iliuza tiketi za takriban dola milioni 138 Marekani na Kanada. Kwa bei ya wastani ya mwaka 2017, dola 8.97, ni tiketi zipatazo milioni 15.4. Utafiti mdogo wa kijamii unaotumiwa na madaktari wa Marekani unaweka kiwango cha ugonjwa huo kwenye asilimia 1.5 ya watu wazima. Ukikitumia kiwango hicho, takriban tiketi 230,000 zilikatwa na watu walioingia gizani na kuona ugonjwa wao ukigeuka kuwa Mnyama anayekula wasichana.

Bili inafika kwetu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970 walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili, mtu 1 kati ya 8. Katika ukumbi wa viti 200, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa, watu 25 wanaangalia wakiwa na jambo ambalo huenda hawajamwambia mtu.

Filamu hizi hazikuishia kwenye kumbi zenye viyoyozi. Zilifika kwenye vibanda umiza, zikatafsiriwa papo hapo na wasimulizi kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, zikasambaa kwa kanda, sidii na flashi. Zilipofika zilikuta ardhi tayari. Watu wanataniana kwa jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyoanzishwa mwaka 1927, na la Mathari ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1910, kana kwamba kulazwa huko ni aibu isiyofutika. Na filamu zetu wenyewe zimezoea kumfanya mhusika mwovu awe kichaa ghafla, aokote makopo jalalani, hadithi iishe. Nguo zilizochanika na vumbi usoni: hata Carpenter hakubana matumizi kiasi hicho.

Aibu hiyo ina matokeo yanayohesabika. Duniani, watu 71 kati ya 100 wenye magonjwa ya kupotewa na uhalisia hawapati huduma yoyote ya afya ya akili. Afrika ina daktari mmoja wa magonjwa ya akili kwa kila watu 500,000. Serikali za dunia kwa wastani hutenga takriban asilimia 2 ya bajeti zao za afya kwa eneo hili. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilieleza kwamba mamia ya maelfu ya watu katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwemo, wamewahi kufungwa minyororo au kufungiwa kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Siwezi kusema Halloween ilimfunga mtu mnyororo. Ninachosema ni kwamba mwenye kushika mnyororo anahitaji kuamini kwamba aliye mbele yake ni hatari, na sinema imeilisha imani hiyo kwa zaidi ya miaka 60.

Sheria zimeanza kusogea. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha katiba. Jaji ameona kwamba mgonjwa anahitaji tiba badala ya pingu. Waandishi wa filamu nao waone.

Ingegharimu kiasi gani

Hapa ndipo hesabu inapoondoa visingizio. Tuseme kila filamu inayotumia ugonjwa wa akili itenge nusu asilimia ya bajeti yake kuwalipa daktari na watu wanaoishi na ugonjwa huo wausome mswada kabla kamera haijawashwa. Kwa Halloween ingekuwa dola 1,625. Kwa Split, dola 45,000. Kwa Smile, dola 85,000. Kwa Us, dola 100,000, na malalamiko ya Machi 2019 yangesikika mezani badala ya kwenye televisheni.

Ukubwa wake ni huu. Ukigawa bajeti yote ya Get Out kwa siku zake 23 za kupiga picha, kila siku iligharimu takriban dola 196,000. Nusu asilimia ya Split haifiki hata robo ya siku moja kama hiyo.

Atakayesema kwamba ukweli unaua hofu aitazame The Babadook ya Jennifer Kent, kutoka Australia, mwaka 2014. Iligharimu takriban dola milioni 2 na kuingiza takriban milioni 10, mara tano. Amelia ni mjane. Mumewe alikufa kwenye ajali akimkimbiza hospitali kujifungua. Zimwi linaloingia nyumbani ni huzuni yake aliyoikandamiza kwa miaka. Inatisha kwelikweli, hasa kwa mzazi yeyote aliyewahi kuchoka na mtoto wake. Na mwisho zimwi haliuawi. Linakaa chini ya nyumba, na Amelia analipelekea bakuli la minyoo, analituliza, kisha anapanda juu kuendelea na maisha. Mtu anayeishi na sonona miaka mingi ataitambua kazi hiyo ya kila siku.

Au aitazame His House ya Remi Weekes, iliyotolewa na Netflix mwaka 2020. Bol na Rial wamekimbia vita Sudan Kusini na kupewa nyumba mbovu Uingereza. Kuta zinaongea, wafu wanatoka nyuma ya karatasi za ukutani. Lakini hawawezi kumweleza afisa wanachokiona, kwa sababu mkimbizi anayeonekana kuchanganyikiwa anaweza kurudishwa. Ngozi, uhamiaji na akili iliyojeruhiwa vimekaa katika chumba kimoja, na hakuna mgonjwa aliyefanywa kuwa muuaji wa watu asiowajua.

Mtayarishaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anaweza kuanza kesho kwa maswali matatu ambayo kuyauliza hakuna gharama. Je, mhusika huyu ana jambo lolote maishani zaidi ya ugonjwa? Je, ukiufuta ugonjwa, uovu wake bado unaeleweka? Je, yupo mtu anayeishi na hali hiyo aliyeusoma mswada na akalipwa kwa kuusoma? Likikosekana jibu la ndiyo, mswada haujaiva, na kuurudia mezani ndiyo kazi rahisi kuliko zote katika utengenezaji wa filamu.

Soko limeshajaribiwa kwenye suala la ngozi, na mtu aliyethubutu alilipwa mara 56 ya alichotumia. Kwenye suala la akili, The Babadook imeonyesha kwamba hofu ya kweli inajilipa, ingawa faida yake haijafika ile ya kinyago na kisu. Tofauti hiyo ndiyo inayotuhusu sisi watazamaji, maana tiketi ni zetu. Filamu inayomfanya mgonjwa awe binadamu ikitoka, twende kuilipia wiki ya kwanza, wakati wenye kumbi wanahesabu viti. Na waandishi wetu watenge ile nusu asilimia kwenye bajeti zao za kwanza kabisa, kabla mazoea ya wengine hayajawa mazoea yao.